Kesi ya Bibi Somoe Aliyempa Mgongo Mlezi Mkuu

Nchi ninayoisimulia sitaitaja jina, kwa sababu kulitaja kunahitaji kibali, na anayetoa vibali yuko likizo tangu nikiwa darasa la pili. Itoshe kusema ni nchi nzuri. Ina mlima, ina ziwa, ina barabara inayokwenda mlimani na nyingine inayotarajiwa kwenda ziwani. Juu ya yote, inaye Mlezi Mkuu wa Taifa, ambaye picha yake imetundikwa katika kila chumba chenye paa.

Tunampenda mno. Tunampenda kiasi kwamba imebidi iwepo sheria. Ni marufuku kumpa mgongo Mlezi Mkuu, yeye mwenyewe au picha yake. Kwa hiyo sisi vyumbani hutoka kinyumenyume. Walimu huandika ubaoni wakiwa wametazama ukuta wa nyuma wa darasa, mkono umepinda juu ya bega, ndiyo maana mwandiko wetu hausomeki, lakini adabu tunayo. Maharusi hutoka ukumbini kwa kurudi nyuma, na kila msimu wa harusi hospitali hupokea viuno viwili vitatu vilivyoteguka.

Adhabu ni miaka saba. Na kesi zake haziozi makabatini kama kesi nyingine. Zamani mzee mmoja alishitakiwa, akafa kabla ya hukumu, na Bunge likaona kwamba huyo ametoroka. Tangu hapo, mshitakiwa wa kosa hili lazima apimwe na daktari ndani ya saa moja, na daktari atakayemwacha afe kabla ya hukumu huhesabiwa kuwa amemsaidia kutoroka. Ndiyo sababu daktari bora wa nchi nzima yuko gerezani. Namaanisha anafanya kazi huko.

Hayo yote niliyajua kama kila mtu anavyoyajua. Sikudhani yatakuja kunihusu.

*

Bibi Somoe ndiye aliyenilea. Ni mama wa mama yangu, mwanamke mfupi mwenye mdomo mrefu. Kama ilivyo kwa bibi na mjukuu, utani wetu ulikuwa ule wa kugombea mume: yeye ananiita mke mwenza, na marehemu babu tunamwita mume wetu. Nilipojifungua binti yangu Ilham, Bibi alimtazama usoni akasema, "Haya, mke mwenza, umeleta wa tatu. Nyumba haitoshi."

Alipofika miaka sabini na minane alipata kiharusi, upande mzima ukalala. Sheria yetu ina huruma: mzee ambaye miguu imekataa hupewa heshima ya kwenda Makao ya Wazee ya Pumziko Jema. Heshima hiyo huja na gari na watu wanne, na haikataliwi. Walimchukua siku ya Ijumaa. Siku ya kumwona ni Jumatano, kuanzia saa nane mchana hadi saa nane na nusu.

Jumatano ya kwanza nilifurahi sana. Ukumbi ulikuwa umepigwa deki mpaka unateleza. Vitanda ishirini, safu moja, na wazee wote wamelazwa ubavu wa kulia, nyuso zimeelekea picha ya Mlezi Mkuu, kama samaki waliopangwa mezani sokoni. Miguuni pa kila kitanda palining'inia Daftari la Kugeuza. Mzee asiyeweza kujisogeza lazima ageuzwe kila baada ya saa mbili, la sivyo ngozi inayokandamizwa hufa na kuwa kidonda. Nikafungua la Bibi. Kila saa mbili: "Amegeuzwa", na sahihi. Safi kabisa. Nikaona Alhamisi ya kesho nayo amegeuzwa. Nikafunua mbele. Alikuwa amegeuzwa mpaka tarehe thelathini na moja Desemba.

Matroni Ludovika, mkuu wa ukumbi, mwanamke wa sare iliyonyooka kama karatasi, aliona nimeduwaa.

"Sisi hapa tunakwenda kwa mpango, mama Ilham," akasema. "Nchi nyingine husaini baada ya kazi. Ndiyo maana wako nyuma."

"Kwa hiyo anageuzwa?"

"Si umesoma? Amegeuzwa."

Nikaamini. Ni vizuri kuamini, unalala vizuri. Lakini Jumatano ya pili nilimkuta ubavu wa kulia. Ya tatu, wa kulia. Ya nne nikauliza kwa adabu.

"Unakuja wakati wa zamu ya kulia," akasema Matroni.

"Na zamu ya kushoto ni saa ngapi?"

Akaniinamia, sauti ikashuka. "Mama, akilala ubavu wa kushoto, mgongo wake utamwelekea nani?"

Tukaitazama picha wote wawili. Tukaitabasamia wote wawili.

"Chali, je?"

"Chali ilijadiliwa wizarani miaka miwili. Ikaonekana ni kutazama dari wakati wewe unatazamwa. Ni dharau."

"Basi tugeuze kitanda chenyewe. Kichwa kije huku, miguu iende kule. Atalalia kushoto na bado atakuwa anamtazama."

Matroni akashika kifua. "Ukuta wa kule una picha ya Mama Mlezi. Unataka nyayo za bibi yako usoni kwa Mama Mlezi?"

Sikutaka. Nani angetaka? Nilitoka kinyumenyume, mtoto mgongoni, nikagonga ndoo.

*

Jumatano ya tano kulikuwa na harufu. Wagonjwa huvunda kidogo, nilijua, lakini hii ilikuwa tamu, kama papai lililosahaulika. Nikainua kanga ya Bibi. Kwenye nyonga ya kulia palikuwa na kidonda cha upana wa kisahani cha kikombe, kingo nyeusi, na katikati palikuwa na kitu cheupe ambacho sikutaka kukijua.

"Mke mwenza," Bibi akasema, mdomo umepinda lakini ulimi uko palepale, "mbona wanikunjia pua? Hayo manukato kanunua mume wetu."

Nikacheka. Nikacheka mpaka nikahisi machozi shingoni.

Kando ya kitanda kulikuwa na kengele mbili. Nyeupe ni ya kumwita muuguzi. Nikaibonyeza, kimya. Waya wake ulikatwa kupeleka umeme kwenye taa inayomulika picha. Nyekundu ni ya kuripoti utovu wa heshima kwa Mlezi Mkuu. Hiyo hupanguswa vumbi kila asubuhi na hujaribiwa kila Ijumaa.

Kesho yake nilikwenda Dawati la Malalamiko ya Wazee. Usidhani sisi hatuna sheria ya uzembe. Tunayo, imejaladiwa vizuri, ina utepe wa rangi ya dhahabu. Mkuu wa Dawati alinikaribisha kiti na kuniuliza mtoto anaitwa nani.

"Sheria yetu," akasema, akiifungua kwa vidole viwili, "inampa mzee aliyezembewa haki zote. Kwanza, aje mwenyewe kwa miguu yake."

"Miguu yake haifanyi kazi, mheshimiwa. Ndiyo maana yuko Makao."

"Naam. Sheria imeliona hilo. Anaweza kuwakilishwa, iwapo uzembe umethibitishwa. Na uzembe, kwa tafsiri ya kanuni, ni lile jambo ambalo taasisi yenyewe imekiri kwa kinywa chake mbele ya afisa wa Serikali." Akafunga kitabu. "Wamekiri?"

"Bado."

"Wakikiri, njoo. Nitakuwepo. Mimi nipo kila siku, mama. Huwa haji mtu."

*

Jumatano ya sita ndiyo ninayoiandika huku nimefunga mlango na dirisha. Si hofu. Ni baridi, ingawa ni mwezi wa kiangazi.

Nilimwamkia, "Shikamoo, mke mwenza."

Bibi akanitazama kama unavyomtazama mtu wa kusoma mita ya maji. "Marahaba, dada," akasema kwa upole. "Wewe watoka wapi?"

Bibi hajawahi kuwa mpole kwangu.

Kliniki ya watoto walitufundisha akina mama kuhesabu pumzi za mtoto kwa dakika moja. Nikahesabu za Bibi: thelathini na nne, kama za mtoto mchanga. Nikashika miguu: baridi, na mabaka ya zambarau mpaka magotini. Paji la uso halikuwa la moto, lilikuwa na ubaridi wa majimaji, kama ukuta wa bafu. Nikapapasa nepi aliyovalishwa. Kavu. Binti yangu mgongoni tangu asubuhi alishalowesha tatu. Bibi, alivyoniambia mzee wa kitanda cha jirani, hakubadilishwa tangu jana. Katika darasa la jioni la baiolojia ninalosoma, tulikuwa tumefika sura ya damu. Mwalimu alisema vijidudu vya kidonda vikivuka kuingia kwenye damu, mwili wote hushituka na kuanza kujizima chumba kimoja kimoja, na kwamba kinachohesabiwa hapo si siku, ni saa.

Nikakimbia kwa Matroni. Kinyumenyume.

"Bibi anakufa."

"Hapana," akasema, akafungua jalada. "Hapa imeandikwa hali nzuri."

"Imeandikwa lini?"

"Januari."

"Mwite daktari, nakuomba. Nakupigia magoti."

"Daktari huja tarehe moja. Mama Ilham, usililie hapa, utaharibu takwimu."

Saa ya ukutani ilisema saa nane na dakika nane. Nikarudi kitandani. Bibi alikuwa anavuta pumzi kama mtu anayepanda mlima akiwa amelala. Alikuwa amesema kitu asubuhi ile, mzee yuleyule akaniambia. Alikuwa akisema tu, nigeuzeni, nigeuzeni.

Nikatazama kengele nyeupe. Nikatazama nyekundu.

Naomba nieleweke. Mimi ni raia mwema. Nina mtoto wa miezi saba, na mama anayefungwa miaka saba hutoka akamkuta mwanawe ana meno mapya. Nililifikiria hilo. Nililifikiria kwa muda wa kufungua fundo la kanga na kulifunga tena. Kisha nikapitisha mkono mmoja chini ya bega la Bibi, mwingine chini ya nyonga, kama ninavyomgeuza Ilham baada ya kumwogesha, nikamgeuza. Taratibu. Ubavu wa kushoto. Mgongo wake mdogo, wenye mifupa inayohesabika, ukamwelekea Mlezi Mkuu wa Taifa.

Bibi akaguna, akashusha pumzi ndefu. Siku arobaini na moja.

Nikabonyeza kengele nyekundu.

*

Walifika kwa dakika saba. Ving'ora vitatu, askari kumi na mmoja, mpiga picha. Kiongozi wao alisoma mashitaka kwa sauti ya mkutano wa hadhara: "Wewe, Somoe, mkazi wa kitanda namba tisa, umempa mgongo Mlezi Mkuu kwa makusudi, ukiwa umelala!"

"Karibuni ndani," Bibi akawaambia. "Chai ipo."

Alibebwa kama yai. Ndani ya gari kulikuwa na oksijeni. Sijawahi kuona kitu kizuri kama ile mitungi. Saa tisa kasoro alikuwa hospitali ya gereza, na Daktari Mchopa, mtu mrefu mwenye macho ya kukosa usingizi, akainua kanga, akatazama.

"Nani kamripoti?" akauliza.

"Mimi. Mjukuu wake."

Akanitazama, akamtazama Ilham, hakuuliza tena. Akatundika dripu mbili, akachoma sindano za dawa, akakata nyama iliyokufa. "Sumu imeenea kwenye damu," akaniambia. "Ungechelewa mpaka jioni, ningekuwa naandika cheti. Na mimi ningekuwa mshitakiwa." Kila saa mbili aliingia yeye mwenyewe, akamgeuza, kisha ndipo akaandika. Nilimtazama akiandika baada ya kufanya. Ilinishangaza kama uchawi.

Siku nne Bibi hakunijua. Nilikaa kwenye benchi la gereza nikimnyonyesha mtoto, nikiogopa mambo mawili: kwamba atakufa, na kwamba atapona apate miaka saba. Siku ya tano akafumbua jicho, akalitazama ziwa langu na jinsi mtoto alivyolipigania.

"Huyo mke mdogo," akasema, "ana tamaa."

Nililia mpaka askari akaniletea maji.

*

Mahakama yetu ni ya kipekee. Kwa kuwa hakuna anayeruhusiwa kuipa picha mgongo, wote hukaa wakiielekea: mashahidi mbele, wasikilizaji nyuma yao, na hakimu safu ya mwisho kabisa. Sijawahi kumwona uso. Namjua kwa kikohozi.

Wakili wa Serikali akaanza, akizungumza na ukuta. "Mheshimiwa Hakimu, nchi yetu imepitia ukame, mafuriko na nzige. Lakini haijawahi kupitia mgongo kama huu! Serikali itathibitisha kwamba mgongo ni wa mshitakiwa, kwamba alikuwa nao siku ya tukio, na kwamba hakuuazima kwa mtu."

Bibi, juu ya machela, akasema, "Nimekuja nao. Muutazame."

Kikohozi nyuma. "Mshitakiwa amepooza. Aligeukaje?"

Nikahisi macho kwenye kisogo changu, mengi, kama siafu. Ilham akaanza kulia, nikamtia ziwa.

"Ninacho kielelezo," Wakili akasema, akainua Daftari la Kugeuza. "Jumatano, saa nane mchana: Amegeuzwa. Sahihi, Matroni Ludovika."

Matroni alikuwa safu ya mashahidi, sare imenyooka. Sare ikalegea kidogo.

"Tena si siku hiyo tu," Wakili akaendelea, akifunua kurasa kwa furaha ya mtu aliyekwenda kuchimba muhogo akakuta bomba la mafuta. "Mara kumi na mbili kwa siku, siku arobaini na moja! Mageuzo mia nne tisini na mawili! Mheshimiwa, anayegeuzwa mara mia nne tisini na mbili, nusu yake mgongo uko kwa Mlezi Mkuu. Makosa mia mbili arobaini na sita, na mhusika ametia sahihi kila moja!"

Kikohozi kirefu. "Matroni. Miaka saba mara mia mbili arobaini na sita. Daftari hili ni la kweli?"

"La uongo!" Matroni akapiga kelele. "La uongo, Mheshimiwa! Naapa! Hatukumgeuza! Hata mara moja! Wala yeye, wala mzee yeyote! Tunasaini Januari! Mimi nampenda Mlezi Mkuu, nimewaacha wakaoza wote wakimtazama!"

Karani wa mahakama akaandika. Nilisikia kalamu yake ikikwaruza, neno kwa neno.

"Sasa mshitakiwa aligeukaje?" Hakimu akarudia.

Akaitwa Daktari Mchopa. Alisimama karibu nami, hakunitazama. "Mtu mwenye maambukizi ya damu huweweseka na kutapatapa," akasema. "Mwili hutafuta kupona hata mwenyewe asipojua. Nimekikagua kidonda chake. Kimechimbwa na kulalia upande mmoja wiki sita. Mheshimiwa, sijawahi kuona raia aliyemtazama Mlezi Mkuu kwa muda mrefu kama huyu."

Hukumu ilisomwa mchana huo huo. Kwamba imethibitika, kwa kukiri kwa taasisi mbele ya Mahakama, kuwa Somoe hakugeuzwa hata mara moja kwa siku arobaini na moja. Kwamba kidonda chake ni ushahidi wa utii usio na mfano. Kwamba hana hatia, na yuko huru kurejea Makao ya Wazee ya Pumziko Jema.

Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Hukumu ilikuwa imetoka. Tangu dakika ile hakukuwa na sheria inayomkataza Bibi kufa.

*

Nilikimbia, kwa mbele safari hii, maana barabarani hakuna paa. Nikaingia Dawati la Malalamiko na nakala ya hukumu yenye mhuri mbichi.

Mkuu wa Dawati akasoma. Akasoma tena. Akavua miwani. "Wamekiri," akasema kwa sauti ndogo. "Kwa kinywa chao." Akafungua droo akatoa fomu iliyobadilika rangi, akaipuliza. "Mama, miaka kumi na tisa nipo hapa. Hii ni namba moja."

Tukaijaza pamoja. Yeye ndiye aliyekuwa akikosea herufi.

"Lakini sitaki kukudanganya," akasema baada ya kugonga mhuri. "Shauri la uzembe lina hatua. Huenda likachukua miaka kumi na moja. Na kwa kanuni, mlalamikaji hawezi kulala chini ya paa la mlalamikiwa mpaka shauri liishe. Itabidi ukae naye nyumbani muda wote huo. Nasikitika."

Nikamshika mkono. Nadhani alidhani nina wazimu.

Nikitoka, nikaona foleni imezunguka kituo cha polisi. Watu wa makamo, vijana, dada mmoja na kitabu cha shule. Nikamwuliza mzee wa mbele amekuja kwa jambo gani.

"Kumshitaki mama yangu," akanong'ona. "Ukumbi wa Pili, kitanda namba nne. Nina hakika alimpa mgongo. Ving'ora vinachukua dakika saba, ni kweli?"

"Saba," nikamwambia.

Sasa Bibi yuko kwangu. Chumba ni kimoja, na picha ni lazima, kwa hiyo nimepigilia misumari miwili, mmoja kila ukuta. Kila baada ya saa mbili namgeuza Bibi, kisha namhamisha Mlezi Mkuu, kisha ndipo naandika. Kidonda kinajaza nyama, nyekundu, safi. Mlango ukibishwa bado nashituka, nahesabu sauti za viatu, namfunika mtoto. Jana walikuwa majirani tu. Kesho sijui.

Bibi haogopi. Nilipomweleza kwamba shauri huenda likachukua miaka kumi na moja, alihesabu kwa vidole vya mkono ulio hai, akafika themanini na tisa.

"Mke mwenza," akasema, "basi sasa siwezi kufa. Nina kesi."